Kata Iliyopigiliwa Ubaoni

Vijana wangu wa kituoni, siku mliyoniaga mlinipa zawadi ya kata. Haikuwa kata ya kuchotea maji, ilikuwa ya kutazamwa: kibuyu cha mkono mrefu, kimepakwa vanishi mpaka kinang'aa, kimepigiliwa misumari miwili kwenye ubao wa mninga, na chini yake mmeandika kwa chuma cha moto, "Kwa Mzee Lameki, Baba wa Kata." Mkapiga makofi. Mkubwa wenu akasema kwamba kila kifaranga cha samaki kilichofika mtoni kikiwa hai kimefika kwa akili yangu. Nikainamisha kichwa, mkadhani ni unyenyekevu.

Mlinitaka pia niandike kumbukumbu za kazi. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, maana vilikuja kwa kuchelewa na havikuwa na uzito wa kuvunja kiti. Nitaandika habari ya hiyo kata. Na ili mnielewe, kwanza mjue jambo ambalo nimewaficha miaka yote tuliyokaa pamoja: mimi ni mtu wa wivu. Sisemi wivu wa mapenzi. Mke wangu angecheka. Nasema wivu wa kazi, ule wa kumtazama mwenzako mikono na kutamani ingekuwa yako.

Nilianza kazi miaka ya hamsini, nikitokea kijijini kwetu jirani na Kalenga. Baba yangu alikuwa mvuvi wa migono. Aliisuka mwenyewe kwa fito, akaitega Ruaha Ndogo jioni, asubuhi akaenda kuitegua. Kwake mto ulikuwa ghala. Nilipomwambia nimepata kazi ya kulinda samaki huko juu Mufindi, aliacha kusuka.

"Unawalinda wasichukuliwe na nani?"

"Na watu, baba."

"Watu wanaotaka kula?"

"Ndiyo, baba."

Akarudia fito zake. Akiwa anasuka akasema, "Basi usiwaambie watu hapa unafanya kazi gani."

Samaki wenyewe walikuwa trauti, samaki wa maji baridi. Wazungu waliwaleta kutoka mbali, wakiwa bado mayai, ndani ya masanduku ya barafu. Mayai yalitotolewa kituoni kwetu, vifaranga vikakua kidogo, kisha vikachukuliwa kwa miguu kupelekwa kwenye mito ya juu. Huko vilisubiri kuvuliwa na watu ambao hawakuwa na njaa.

Mkuu wa nyumba ya mayai alikuwa Mzee Mgovano, Mhehe mwenzangu, mfupi, mwenye koti la kijeshi lililomfika magotini. Kizungu hakujua, Kiswahili alikisema kwa kukilazimisha, lakini Bwana Samaki, mzungu aliyekuwa mkubwa wetu, hakuamua jambo bila kumuuliza. Siku yangu ya kwanza alinipa koleo la mwanzi, jembamba kama unyoya. Yai zima lina rangi ya chungwa na doa jeusi la jicho. Likifa linageuka jeupe, linaota ukungu, na ukungu unahamia kwa majirani. Kazi ilikuwa kuyatoa yaliyokufa, moja moja, umeinama, miguu ndani ya maji ya Mufindi ambayo hayana huruma na mtu. Jioni nilijihesabu vidole vya miguu nikihofia vimepungua.

Mzee Mgovano akaja kutazama. "Umetoa hai nne," akasema. "Kesho utoe tatu."

Hilo ndilo lilikuwa somo zima. Nililipenda, na yeye nilimpenda kuanzia jioni ile.

Jumamosi walikuja wazungu na fimbo zao za mshipi, viti vya turubai na chupa za chai. Mtu alisimama mtoni tangu asubuhi, akampata samaki mmoja, akampima kwa utepe, kisha akamwachia majini. Mara ya kwanza kuona hivyo nilidhani amemponyoka. Nikajitosa na nguo zangu, nikamkamata yule samaki kwenye majani, nikampelekea bwana yule kwa mikono miwili. Hakunishukuru. Mzee Mgovano alicheka mpaka akakaa chini.

Mali zao sikuzionea wivu. Niliwaonea wivu ule muda. Baba yangu hakuwahi kukaa kando ya mto bila shida iliyompeleka. Miaka ya mwisho ya uzee wake nilimleta kituoni, nikamkalisha kwenye kiti cha turubai chini ya mti wa msindano, maji yanapita mbele yake. Akaniuliza, "Sasa nifanye nini?" Nikamwambia, "Kaa tu, baba." Alikaa kidogo, kisha nikamkuta amepiga magoti anang'oa magugu.

Wazungu wale walivua kwa nzi wa bandia, na nzi waliowataka walikuwa wa Mzee Mgovano. Bwana Samaki alimfundisha mara moja, basi, mwanafunzi akampita mwalimu. Alikuwa na jiliwa dogo la chuma, si kubwa kuliko kidole gumba, la kubania ndoana. Juu ya ndoana alifunga uzi, manyoya ya pimbi, na unyoya wa shingo ya jogoo wake aliyeitwa Karani kwa ajili ya mwendo wake. Akimaliza, unaona mdudu kabisa, ungempungia mkono aondoke. Wanawe walikuwa wamekwenda mashambani kwa wazungu wa chai, na kila mtu kituoni alijua kwamba jiliwa lile litarithiwa na mmoja wetu.

Nililitaka. Nasema wazi. Sijataka kitu tena namna ile mpaka leo. Kila nilipouliza, Mzee alijibu, "Kwanza mayai. Mwaka ujao tutaona manyoya."

Mwaka ujao ulipofika, akaja Idi.

Alitoka Mbeya mjini. Baba yake aliuza khanga na shuka, na babu zake walitoka pwani. Umri wetu ulikuwa karibu sawa, ila yeye alivaa kofia ya viua iliyopigwa pasi, na viatu. Siku ya kwanza alianguka mtoni mara tatu, akacheka mara tatu. Nilifurahi nikasema huyu hamalizi wiki. Mzee akampa koleo la mwanzi. Jioni akaja kutazama, akainama sana, akakaa pale muda mrefu.

"Hakutoa hata moja hai," akasema, na hakumwambia Idi. Aliniambia mimi.

Mwezi haukwisha Idi akawa amekaa mbele ya jiliwa. Tangu utotoni alikuwa akishona kofia, vitundu vidogo vidogo kwa sindano, na mkono wake haukuwa na haraka. Mimi niliendelea na mayai. Kutoka nilipoinama nilisikia sauti ya Mzee ikitoka chumba cha pili. Mimi aliniita "wewe Lameki." Kule ndani nilisikia, "Vuta pole, Idi mwanangu."

Nilimchukia Idi kwa kofia yake, kwa kucheka kwake, na zaidi ya yote kwa kuwa hakunipa sababu. Alinigawia tende alizotumiwa na mama yake. Alinisikiliza nikimhadithia habari za baba yangu na ile amri ya kutosema kwetu nafanya kazi gani. Nilikula tende zile na nikaendelea kumchukia.

Mvua zilipoanza ukafika wakati wa kubeba vifaranga. Nyie leo mna mifuko ya plastiki na mitungi ya hewa, kwa hiyo niwaeleze. Tulitumia madebe yenye mifuniko. Unatia maji ya mto, unatia vifaranga, unajitwika, unatembea saa tatu au nne. Ukitembea maji yanachezacheza na kushika hewa, na vifaranga vinapumua kwa miguu yako. Ukisimama maji yanatulia, na vifaranga vinaanza kufa kimyakimya.

Sasa, kwetu Uheheni huwezi kumpita mtu mzima ukiwa na mzigo kichwani, ukamrushia salamu kwa kupita. Hayo ni matusi. Unatua, unachutama, unasema "Kamwene," unaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, unajibu, kisha unaruhusiwa. Sisi wabebaji tulikuwa na njia yetu: tukitua tunafunua debe, mkono mmoja unapiga maji muda wote wa salamu. Wazee wa njia ile walituzoea.

Mwaka ule Mzee Mgovano alimpa Idi debe la vifaranga bora, vya mayai aliyoyalea kwa mkono wake mwenyewe, avipeleke kwenye kidimbwi cha juu kwa njia ya kijijini. Akaniambia mimi, "Lameki, mweleze habari za njia."

Nilimweleza. Nilimwambia, "Idi, hapa si Mbeya mjini. Ukikutana na mtu mzima, tua mzigo, chutama, sema Kamwene. Mjibu kila atakachouliza. Usiinuke mpaka akuruhusu, la sivyo watasema Mzee ameleta mtu asiye na adabu."

"Hata nikiwa na samaki?"

"Hata ukiwa na mtoto mchanga."

"Na samaki wenyewe je, kaka Lameki?"

"Samaki wamo majini," nikasema. "Watakuwa na shida gani?"

Habari ya salamu ilikuwa kweli tupu. Habari ya mkono nilibaki nayo.

Siku hiyo, kumbe, wazee saba walikuwa wanakwenda kuzungumza mahari kijiji cha pili. Idi akakutana nao njiani, akatua, akachutama, akamsalimu kila mmoja peke yake. Wakafurahi kumwona mtu wa kofia akisema Kamwene. Wakamuuliza kwao, wakamuuliza baba yake, wakamuuliza mpaka bei ya shuka.

Alirudi mchana na debe lilelile kichwani. Hakumwaga njiani. Alilitua mbele ya Mzee Mgovano, akafunua. Vifaranga vilikuwa vimeelea, matumbo juu, vyote.

"Ulisimama?" Mzee akauliza.

"Nilisimama, Mzee."

"Nani alikwambia simama?"

Mimi nilikuwa mlangoni na fagio. Idi alinitazama mara moja, si kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Mzee.

"Nilichoka," akasema.

Mzee hakupiga kelele. Alibeba debe mwenyewe mpaka kwenye ua, akalimwaga, na Karani akaja kudonoa. Kisha akaingia ndani, akalifungua jiliwa mezani, akalifunga kwa kitambaa. Mwezi uliofuata Idi alihamishiwa Mbeya, kwenye mito ya upande wa Rungwe. Alipopanda lori alinipa mkono, akasema, "Kaka Lameki, asante kwa ile Kamwene." Nilidhani ananisimanga, na nilitamani iwe hivyo.

Nikapewa jiliwa. Nilikaa nalo majuma matatu kabla ya kumwonyesha Mzee nzi wangu wa kwanza. Alimshika, akamgeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu," akasema, "amekufa kwa ugonjwa gani?"

Hakutania tena baada ya hapo, na hilo ndilo lililoniuma. Aliacha kuja chumba cha pili. Wazungu walichukua nzi wangu kwa heshima, samaki hawakuwa na heshima hiyo. Wakati mwingine nilimkuta Mzee ameshika kisanduku cha nzi wa Idi, anakifungua na kukifunga. Mtu alikuwa mbali nami kwa mwendo wa siku nzima wa lori, na bado alikuwa amekaa katikati yetu.

Miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, nikatumwa kupeleka vifaranga Mbeya. Barabara ya wakati ule ilikuwa na mashimo ya kutosha, maji hayakupata nafasi ya kutulia, wala mimi. Nilipofika, aliyesimama kunipokea alikuwa Idi, kofia imepigwa pasi kama zamani. Nyuma yake walikuwapo wanaume wanne, na kila mmoja amefunga kata ya kibuyu kiunoni.

Tukajitwika, tukaelekea milimani upande wa Kiwira. Hatukwenda mbali tukakutana na bibi mmoja wa Kinyakyusa na mzee wake. Idi akatua, akachutama, akaanza kuwasalimu kwa lugha yao, akawaambia mgeni wake ametoka Iringa. Papo hapo mwenzake akafunua debe, akachota maji kwa kata, akayainua juu, akayamwaga ndani taratibu. Akachota tena, akamwaga. Idi akauliza habari za migomba, za ng'ombe, za wakwe, hana haraka yoyote duniani, na maji yanaimba ndani ya debe. Mimi nilibaki nimesimama na mzigo kichwani kama nguzo ya simu.

Yule bibi akanitazama. "Na huyu wa Iringa," akasema kwa Kiswahili, "kwao hakuna watu?"

Nilitua haraka mpaka nikamwagikiwa. Bibi akacheka, akatuaga kwa asante ya kwao, "Ndaga fijo," na tukaendelea. Jioni tulipofunua madebe mtoni, vifaranga vilitoka vimechangamka, vikatawanyika mara moja.

"Umeipata wapi hiyo?" nilimuuliza.

"Niliwaza sana lile debe langu," Idi akasema. "Nikaona salamu haina kosa. Kosa ni maji kukaa kimya. Na mkono nao unatia maji joto, hawa wanataka baridi. Halafu mtu unasalimu mkono mmoja umo ndani ya debe, si vizuri. Basi, nikatafuta kibuyu."

Siku mbili nilikaa kwake nikingoja aniulize. Alinilisha ndizi, akanionyesha kofia anayomshonea baba yake, hakuniuliza kitu. Nilipoondoka alifungua kata yake kiunoni, akanipa.

Nilirudi Mufindi, nikamwonyesha Mzee Mgovano. Alichota maji ya debe, akayainua, akayamwaga, akasikiliza. Alirudia mara nyingi. Kisha akauliza, "Hii nani amebuni?"

Nikajibu, "Nimeona itatufaa, Mzee."

Tazameni vizuri jibu hilo. Halina uongo ndani yake, na limenilisha maisha yangu yote. Mzee aliweka mkono wake kichwani pangu, mkono wenye harufu ya mayai ya samaki, akasema, "Lameki mwanangu." Nilikuwa nimeingoja sauti ile miaka mingi. Nilijua ningeweza kuirudisha kwa mwenyewe kwa kutamka jina moja tu, na sikulitamka. Mzee Mgovano alifariki mwaka uliofuata akiamini hivyo.

Mengine mnayajua. Kila aliyeajiriwa alifundishwa kufunga kata kiunoni, akaambiwa ni sheria ya Lameki. Wazungu wakaondoka na viti vyao, nyie mkaja. Mna elimu, mna magari, na Jumapili nawaona mnakwenda mtoni na watoto wenu, mnavua mnacheka, na mkikosa samaki mnarudi nyumbani mmefurahi vilevile. Nimewaonea wivu nyie pia, samahanini. Mara kadhaa niliwakemea kwa kelele wakati hamkuwa mnapiga kelele.

Wiki mbili baada ya kuagwa niliufunga ubao wenu ndani ya khanga ya mke wangu, nikaenda Mbeya. Idi anaishi Ilomba, nyumba ya bati yenye ua wa michongoma. Amezeeka, macho yamepungua nguvu, lakini anashona bado. Alitaka nikae, nikakataa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: habari ya mkono, habari ya debe, habari ya jibu nililompa Mzee. Kisha nikafungua khanga.

Aliusogeza ubao karibu na macho, akasoma kwa sauti, "Baba wa Kata." Akamwita mke wake amletee koleo.

"Nilijua siku ileile," akasema huku akitafuta kichwa cha msumari. "Wale wazee saba waliniuliza, mbona wewe hupigi maji kwa mkono kama watu wa Mgovano? Nikafunua, nikakuta vinamalizika."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Msumari wa kwanza ukatoka. "Uliniambia mwenyewe, kaka. Baba yako alikataza usiseme kwenu unafanya kazi gani. Nikawaza, mimi nikifukuzwa na Mgovano nina baba, nina sindano yangu. Huyu hana wa kumwonyesha kazi yake ila Mgovano; akifukuzwa, atamwonyesha nani?"

Msumari wa pili ukatoka. Akaipeleka kata uani, akaisugua vanishi kwa jivu na mchanga mpaka kibuyu kikarudi rangi yake. Akachota maji ya mtungini, akanipa kwa mikono miwili. Nikachutama bila kujua nachutama, nikanywa.

Mnataka kujua kama wivu umekwisha. Haujakwisha. Mtu aliyeweza kuwaza vile kwa ajili yangu, akiwa amesimama juu ya debe la samaki wafu, nitamwonea wivu mpaka nizikwe.

Ubao nilirudi nao. Nimeutundika ukutani hapa nyumbani, una jina langu na matundu mawili ya misumari. Mtu akiingia akauliza kata iko wapi, namwambia iko Ilomba, kwa mwenyewe.